Mizani Wodini

Kabla sijaanza nikutegee kimoja: nina kitu kimetoka nyumba mbili, kikinyamaza kila nyumba inakikana, kikilia zote zinakidai. Ukishindwa usinipe mji, wewe subiri tu.

Mjukuu wangu, fundi cherehani, alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu imevimba kama mito ya kulalia, na presha imepanda hadi daktari akasema mtoto atolewe leo hii, kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha mama. Mjukuu akagoma. Mama mkwe wake alikuwa ametamka asubuhi ile mbele ya wodi nzima kwamba damu mbaya imeletwa na upande wetu, na mjukuu akaapa haingii chumba cha upasuaji na doa hilo.

Muuguzi akajaribu kutueleza. Mwili una vinasaba vinavyouamuru uwake kama moto ukipigana na vidudu, na vya watu havifanani. Vingine huenda vinauwasha kupita kiasi wakati wa mimba, presha ikapanda. Wataalamu bado wanachunguza. Tena kondo la nyuma, ambako shida hii huanzia, lina urithi wa baba vilevile. Nusu kwa nusu.

Sasa mama mkwe kazi yake ni kutengeneza mizani. Kusikia nusu kwa nusu, akatoka, akarudi na mizani ya sahani mbili kichwani. Akataka atolewe damu kichupa kimoja, na mimi kimoja: yenye moto ndiyo itakayokuwa nzito. Muuguzi, kwa kutafuta amani, akatuchoma wote wawili. Wagonjwa wakajigawa, vitanda vya dirishani kwangu, vya mlangoni kwake.

Mizani ikatulia sawasawa.

Akabadilisha vichupa. Sawasawa. Akanilaumu kwamba napumulia sahani yake, nikabana pumzi. Sawasawa. Basi akatoa bisibisi mkobani, akaifungua mizani yote pale kitandani, katikati ya miguu ya mgonjwa, akinung'unika kwamba tangu aijue haijawahi kumvunjia heshima. Mashine ya presha ikaanza kulia. Kila anayefungua mdomo, namba inapanda, mpaka daktari akawa anaongea kwa ishara.

Nikamwinamia mjukuu sikioni. "Hakimu wako huyo hapo, vipande vipande miguuni pako. Utamngoja mpaka lini?"

Akazitazama skrubu juu ya shuka, akacheka huku machozi yanamtoka. "Bibi, kichwa kinapasuka. Nipelekeni."

Akachomwa sindano ya kuzuia kifafa, akasukumwa haraka. Tukabaki wazee wawili na kitanda kitupu, mwenzangu akipapasa skrubu, mimi nikimwonyesha zilipo.

Muuguzi aliporudi alikuwa na kitoto kimefungwa shuka, akatuambia mama yake yu macho, presha inashuka polepole, bado wanamwangalia. Mizani ya watoto ilikuwa imekufa betri. Mkwe wangu akaunga ya kwake mbiombio, skrubu moja ikasalia kiganjani. Mtoto sahani hii, mawe yake ya kupimia sahani ile: kilo mbili kasoro kidogo.

Mtoto akaangua kilio. Mama mkwe akamnyakua kabla sijanyoosha mkono.

"Huyu wetu."

"Na ule moto wake?" nikamuuliza.

Akaitazama ile skrubu, kisha akaibandika mkononi mwangu.

"Nusu ya moto huo yangu, mkwe. Kamwambie mama yake."

Akalisema kwa sauti ileile ya asubuhi, wodi nzima ikasikia.