Khanga Chini ya Kichwa

Mwaka wa 1936 nilikuwa saisi wa Bwana Bandali, shambani kwake Kinondoni. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha na kuwaogesha farasi wake wawili wa kuvuta gari, na kujigamba mbele ya majirani wenye punda. Jike alipozaa nilijigamba maradufu. Yule mtoto alipotimiza miezi mitatu, akaanguka. Shingo ilikaza, macho yakageuka, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka. Baada ya kitambo akainuka, akarudi kunyonya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mie nilijua ni nini kabla mtu hajasema. Binti yangu Hamisa alikuwa na kifafa tangu ana miaka sita, mwaka aliofariki mama yake, na Kinondoni nzima haikujua. Akianza kutetemeka nilifunga mlango, nikajiona baba mwerevu. Sasa alikuwa ameposwa na Bakari, mwendesha gari wa Bwana Bandali, na arusi ilingoja Ramadhani ije ipite tu. Siri ikitoka, posa imevunjika.

Daktari wa mifugo wa serikali alikuja, akasema baadhi ya watoto wa farasi huuacha ugonjwa huu wakikua. Povu lake haliambukizi; tuangalie tu asijipigize kichwa. Bwana Bandali, mtu mpole lakini mwoga wa mikosi, akakubali kungoja. Sie tuliitikia kwa adabu, ila nani angemgusa? Tangu utotoni tuliambiwa povu la kifafa likikupata, nawe umekipata.

Ijumaa moja mtoto akaanguka kando ya nguzo ya mawe. Kichwa kikawa kinagonga jiwe, damu inamtoka juu ya jicho. Tulikuwa wanaume wanne na wote tulisimama mbali. Hamisa alikuwa ameniletea chakula. Akatua bakuli, akavua khanga ya juu, akaikunja, akapiga magoti amwekee chini ya kichwa.

“Usiguse povu, Hamisa,” Bakari akamwambia. “Litakuambukiza.”

“Mie ninacho tangu mdogo,” akajibu bila kugeuka. “Muulize baba.”

Bakari akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaitikia kwa kichwa, maana uongo ulikuwa umeniishia.

Siku tisa Bakari hakukanyaga kwangu, na kazini tulipishana kimya. Nilimkasirikia Hamisa, nikamnunia hata wakati wa kula. Yeye alikuwa akinipakulia tu kama kawaida.

Siku ya kumi mtoto akaanguka tena. Kabla sijafika, Bakari alikuwa ameshavua koti lake akaliweka chini ya kichwa, amechuchumaa palepale, povu limemlowesha mkono. Mtoto alipoinuka, Bakari akanifuata nyumbani moja kwa moja, mkono haujakauka. Shikamoo yake niliipokea kwa woga. Akamgeukia Hamisa.

“Ukianguka wewe, nikushike vipi?”

“Usinishike. Niwekee kitu laini chini ya kichwa, halafu ukae. Nikizinduka nimkute mtu.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi dukani. Mie nikatoka nje, nikalia. Miaka kumi na minne niliufunga mlango ule, na kila mara nilikuwa upande wa nje.