Miko ya Zamda

Mwaka ule wa njaa, watu wa Kwaluguru walikuwa wameshahamishiwa kijiji kipya, na kunde zao zimebaki mahameni zikiliwa na ngedere. Mashavu alimlisha bintiye Zamda ugali mtupu asubuhi na jioni. Lakini ulikuwa ugali mweupe. Mahindi aliyakoboa, akayaloweka, akayatwanga. Kumpa mwana pumba ilikuwa aibu, hata kwenye dhiki.

Vuli ilipokosa kunyesha, shingo ya Zamda ikababuka, duara nzima, nyeusi. Mikono nayo. Akaanza kuharisha, kisha kupotewa na akili: akitumwa maji, anarudi na kuni.

Mzee Athuman, mganga wa kienyeji, aliitazama shingo ile.

"Kavalishwa kamba na wasioonekana. Asile kunde, karanga, samaki wala nyama. Maziwa asiguse. Uji mweupe tu. Akivunja miko, anakufa."

Mashavu aliishika miko kama alivyoishika swala. Nalangu, jirani yake Mmaasai, alipoleta kibuyu cha maziwa, alimrudishia mlangoni.

"Mama Zamda, hata ndama wangu wamemshinda huyu kwa afya!"

"Ndama wako hawana kamba shingoni."

"Wanazo. Nimewafunga mwenyewe."

Nalangu alicheka peke yake, akaondoka.

Wiki ya sita ya miko akapita Stefano wa zahanati, na baiskeli yake.

"Shikamoo, mama." Akasikiliza habari ya kamba na miko, akaigeuza mikono ya Zamda. "Hii si kamba. Kuna vitamini inaitwa niasini. Chakula ni kuni, yenyewe ni kiberiti. Ikikosekana, mtu anakula na nguvu hapati. Ngozi inaharibika, tumbo, mpaka akili. Kwenye mahindi imo, ila imefungwa, mwili hauifungui. Kwenye karanga ipo, na samaki, na nyama. Maziwa nayo yanasaidia."

"Dawa je, baba?"

"Vidonge vimekwisha, hata Korogwe wanangoja. Mpe karanga leo, mama. Si kesho."

Mashavu hakulia. Alitwanga karanga za mbegu, akaenda kwa Nalangu kuomba maziwa, akakoroga uji.

"Sema bismillahi, mwanangu. Fungua kinywa."

Zamda hakujua tena siku wala jina la baba yake. Harufu ya karanga aliijua. Akageukia ukutani.

"Mwiko. Mama kanikataza."

"Mama yako ndiye mimi."

Zamda alimtazama kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mgeni.

"Samahani, bibi. Nikila nitakufa."

Siku tatu alikataa hivyo, meno kayauma. Siku ya nne hakuwa na nguvu ya kukataa, wala ya kumeza.