Spana ya Baba Mkwe

Nyumba ya mabaharia pale bandari ya Itungi, Ziwa Nyasa, ina vyumba vinne, korido moja, na bati linalopiga kelele mvua ikinyesha. Na mvua ya Kyela haijui kupumzika. Meli ikifika kutoka Mbamba Bay, wafanyakazi wake hulala hapo, kwa kuwa makwao ni mbali. Anayewapikia, kuwafulia mashuka na kuwatandikia vitanda ni Tusajigwe, mke wa Gwamaka wa Makwale. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha, maana mikakao ya Gwamaka bado michanga, na watoto hawali matumaini.

Mambo yalikuwa shwari mpaka meli ilipopata fundi mpya wa injini. Alikuwa mstaafu wa reli kutoka Mwakaleli, mtu aliyezoea kulala kwenye nyumba za wafanyakazi wa treni, leo Makambako, kesho Mlimba, na kukaa nyumbani kukamshinda. Sisi jina lake tunaweza kulitaja: Zebedayo. Tusajigwe hawezi, kwa sababu ni baba mkwe wake. Kanisani akipewa somo la wale wavuvi walioacha nyavu, husoma "wana wa yule mzee", na usharika mzima unaelewa.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana aliyelelewa hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso. Hamtazami, hasemi naye, hakai naye chini ya dari moja. Akimwona anakuja njiani, huchepuka na kuingia shambani. Kama ni shamba la mpunga, basi na alowe. Vijana wa mjini wameanza kulegeza. Tusajigwe hakulegeza. Tangu aolewe, hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yake kwa yule mzee, na alijua inapokelewa.

Basi siku ya kwanza fundi alipoingia kwa mlango wa mbele, Tusajigwe alitokea wa nyuma. Alijibanza nyuma ya jiko la nje, na mabaharia wakajipikia wenyewe. Wali ukawa uji, samaki wa mbasa wakaungua.

Kesho yake Nahodha Muksini alimfuata jikoni. Kwao ni Pangani, na mila za huku huzisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Dada Tusa, vijana wangu wamelala kwenye vitanda visivyotandikwa. Kama mtu wangu mmoja anakukimbiza, nitawahamishia gesti za mjini."

"Hanikimbizi, nahodha. Namheshimu."

"Heshima gani hiyo, mzee wa watu anajitandikia mwenyewe?"

Tusajigwe alipima pande zote mbili. Akibaki ndani, atamvunjia mzee heshima. Akitoka, kazi imekwenda. Alilia kidogo, akausingizia moshi, akaendelea kumenya ndizi.

Kumbe mzee alikuwa dirishani, na alisikia yote. Meli iliporudi safari iliyofuata, alipigilia msumari kwenye mwimo wa mlango wa korido, akatundika spana yake kuukuu. Halafu akamweleza nahodha, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye jikoni.

"Reli ya njia moja haipitishi treni mbili zinazokutana. Dereva hukabidhiwa kipande cha chuma, na asiye nacho haingii. Sasa korido hii ndiyo njia. Mimi nikiingia nachukua spana, nikitoka nairudisha. Na mtunza nyumba vivyo hivyo. Ukikuta msumari mtupu, subiri."

Nahodha alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lakini mpango ulishika. Mzee akienda bandarini, spana inarudi msumarini. Tusajigwe anaichukua, anafagia, anatandika, anaacha chupa ya chai, anatoka. Waliishi hivyo msimu mzima wa mvua bila kuonana. Kila alipoikuta spana imefutwa grisi ili isimchafue mikono, Tusajigwe alizidi kumpenda yule mzee.

Asubuhi moja msumari ulikuwa mtupu. Mabaharia wengine walishatangulia kupakia mchele. Tusajigwe akasubiri. Chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Meli ikapiga honi. Kumwita asingeweza, jina lenyewe ni mwiko. Akagonga mfuniko wa sufuria, akakohoa kama mbuzi mwenye mafua. Kimya. Kisha chuma kikaanguka sakafuni kule ndani, na baada yake kitu kizito kuliko chuma.

Aliogopa, tena sana. Akajitanda khanga mpaka kwenye nyusi, akaingia mikono mitupu, macho ukutani. Chumbani akasikia meno yakigongana kwa homa, chini, karibu na kitanda. Halafu akasikia shuka likivutwa. Mzee, katika hali ile, alikuwa anahangaika kujifunika uso ili mkamwana wake asiaibike.

Tusajigwe hakurudi nyuma. Alisimama palepale, asijue pa kuanzia.

Kitu kikakwaruza sakafu. Spana ilisukumwa taratibu mpaka ikagusa kidole cha mguu wake.

"Shika, mwanangu," sauti ikasema chini ya shuka. "Njia ni yako."

Yalikuwa maneno ya kwanza mzee kumwambia maishani. Tusajigwe akapiga magoti, akaiokota kwa mikono miwili.

"Ndaga, taata," akamshukuru kwa Kinyakyusa, akiuambia ukuta.

Kisha akampitishia mkono kwapani, akamwinua, akamkokota hadi barabarani kwenye bajaji, mzee na shuka lake kichwani, majirani wakidhani ni maiti.

Jioni Gwamaka alipiga simu kutoka Makwale.

"Daktari anasemaje?"

"Malaria kali. Amewekewa dripu. Ameshaanza kuulizia chai."

"Kwa hiyo umemwona baba?"

Tusajigwe alikuwa amekaa nje ya wodi, spana mapajani.

"Nimembeba," akasema. "Kumwona, sijamwona."