Uso wa Shangazi Ng'ambo ya Mpaka

Kiwandani walimwita Bwana Kesho, ingawa si mbele yake. Kiwanda cha sabuni kilikuwa cha shangazi yake, na Bwana Kesho ndiye meneja aliyekiendesha, tena vizuri. Ila shughuli yoyote yenye foleni na dirisha la ofisi ya serikali aliipiga chenga mpaka ikachoka yenyewe.

Sabuni iliitwa Shangazi. Kwenye karatasi yake palichorwa uso wa shangazi mwenyewe, unyusi mmoja umepanda, kama anayekuuliza ni nani aliyechafua shuka. Watu waliinunua kwa kucheka, wakarudi kwa sababu nguo zilitakata.

Wakala wa nchi jirani alipoomba sampuli, mwanasheria wa kiwanda, dada asiyemumunya maneno, alimwonya meneja wake.

"Kaka, usajili wetu unaishia mpakani. Kasajili jina na picha kule kwanza, ndipo upeleke mzigo."

"Nitashughulikia. Tuone kwanza kama wataipenda."

Waliipenda kupita kiasi. Lori la kwanza lililojaa lilipofika mpakani, forodha wakalizuia: mzigo umebeba alama ya biashara ya mtu mwingine. Mtu mwingine huyo ni nani? Wakala. Alikuwa amesajili picha na jina kwa jina lake mwenyewe, na sabuni yake ilikwisha kuingia madukani.

"Ndugu yangu, nilikuwa nakulinda," wakala alisema kwenye simu, sauti ikiteleza kuliko bidhaa. "Angenitangulia mwizi je?"

Meneja alimkuta shangazi yake sebuleni akikunja nguo. Alizunguka mbuyu weee, mwishowe akasema, "Shangazi, kule ng'ambo… umesajiliwa."

"Nimeolewa?"

"Karibu na hapo. Uso wako ni mali ya wakala."

Shangazi alicheka mpaka akakalia nguo alizokwisha kukunja. "Marehemu mume wangu aliuhangaikia uso huu maisha yake yote na hakuwahi kuumiliki. Huyo ameupata kwa kujaza fomu tu! Twende nikamwone."

Mwanasheria alifungua madai ya kufuta usajili ule kwa msajili wa alama za biashara wa kule ng'ambo, na siku ya kusikilizwa wakaenda wote watatu. Chumba kilikuwa kidogo, feni ikilalamika juu. Wakala aliapa kwamba picha ile ni ya mwanamke wa kufikirika, aliyebuniwa na mchoraji wake.

"Naomba kumwita shahidi," alisema mwanasheria.

Shangazi akaingia, akaketi, akaweka mkoba magotini, akamtazama wakala. Unyusi ukapanda wenyewe. Msajili alitazama karatasi ya sabuni, akamtazama mama, akarudi kwenye karatasi, kisha akashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Mwanangu," Shangazi alimuuliza wakala kwa upole, "huyo mchoraji wako aliniota usiku gani?"

Wakala akaanza kukagua viatu vyake.

Picha ilifutwa siku ileile: ilisajiliwa kwa nia mbaya, na mwenye uso hakuombwa ruhusa. Jina lilikuwa kisa kingine. Wakala alikwisha kuliuza kwa kampuni isiyojua lolote, na msajili hakuona sababu ya kuwapokonya. Kwa hiyo kule ng'ambo Shangazi alirudishiwa sura, jina likabaki kwa wengine.

Meneja aliinamisha kichwa ukumbini. "Nimekukosea, Shangazi. Niliambiwa mapema."

"Uliambiwa. Sasa tafuta jina jingine kabla hatujatoka kwenye jengo hili."

"Wenye maduka wanasema wateja hawataji jina hata kidogo," alidokeza mwanasheria. "Wanaomba sabuni ya yule mama mkali."

Basi Bwana Kesho akapanga foleni, leo hii hii, nyuma ya watu waliobeba mafaili mazito kama matofali. Kila alipogeuka kutazama mlango, alimwona shangazi yake ameketi hapo kwenye benchi, anamtabasamia. Alipofika dirishani aliandikisha "Mama Mkali," picha na jina pamoja, kwa jina la kiwanda, akasoma kila mstari mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Kwenye gari la kurudi nyumbani Shangazi aliichukua risiti ya usajili, akaisoma, midomo ameibana.

"Mkali?" aliuliza hatimaye. "Mimi?"

Mwanasheria akajifanya amesinzia. Meneja akakaza macho barabarani, ingawa dereva hakuwa yeye.