Zamu ya Njiapanda ya Kikanisani

Kila Aprili, kwa miaka kumi na tisa, Firmin Desloovere alisimama kwenye njiapanda ya kikanisani, nje kidogo ya kijiji chao cha Flandria, akizuia magari ili waendesha baiskeli wa kulipwa wapite salama. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, amefiwa na mkewe. Alivaa kizibao cha njano, akashika kibao chekundu cha duara, akavumilia upepo kwa saa tano nzima. Mashindano yenyewe yalimpita kwa muda usiotosha kupaka mkate siagi. Ujira wake ulikuwa kofia, kahawa na mkate wa jibini.

Binti yake Griet, ambaye alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali na alikuwa mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi, jambo hilo lilimkaa kooni. Wiki moja kabla ya mashindano walilivaa tena mezani.

"Baba, rubani wa helikopta analipwa. Mpiga picha analipwa. Hata anayefunga matangazo kwenye uzio analipwa. Mtakatifu ni wewe peke yako?"

"Si kila kitu ni cha kulipwa, Griet."

"Sijasema kila kitu. Nimesema hiki. Kampuni inauza mashindano mpaka Japani, halafu barabara inalindwa na wazee wa bure."

Firmin akajiongezea viazi. Kilichomuuma ni kwamba swali hilo alishajiuliza mwenyewe mara nyingi, hasa mvua ikinyesha.

Jumapili ya mashindano Griet alimletea supu, kwa maana hasira zake hazikuwahi kufika tumboni mwa baba yake. Aliacha gari upande wa mjini, akavuka kwa miguu. Walikuwa wamesimama pamoja wakati gari lenye bendera nyekundu lilipopita. Maana yake ilijulikana: kuanzia hapo hakuna gari linaloruhusiwa kukatiza, hata la padri.

Dakika haikuisha, gari kuukuu likaja kwa kasi kutoka upande wa mashamba. Ndani alikuwa Achiel, mkulima aliyekuwa jirani yao tangu Griet hajazaliwa. Mkewe Jeannine alikuwa amelazwa mjini tangu Alhamisi. Alishusha kioo, akasema hospitali imempigia simu: aje sasa hivi, asingoje jioni.

Firmin alimpigia msimamizi wa mashindano. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vivyo hivyo. Helikopta ilishaanza kusikika nyuma ya miti ya mipopla.

Akapima moyoni. Kukatiza barabara kungechukua sekunde sita. Lakini gari lilikuwa kuukuu, barabara ilikuwa ya mawe yenye utelezi, na gari likizima katikati, zaidi ya watu mia wangelivaa wakiwa kwenye mteremko. Watu hao hawakumjua, ila waliamini kwamba kwenye kona ile yupo mtu.

"Siwezi kulipitisha gari, Achiel."

"Miaka arobaini unakula viazi vyangu," Achiel alisema. "Leo unanizuia kama mwizi. Kwa ajili ya nani? Wanakupa nini hao?"

Aliyejibu ni Griet. "Gari langu liko ng'ambo. Shuka, ba'mdogo. Nitakupeleka mimi."

Firmin akamfungulia mlango, akamshika mkono, wakavuka watatu kwa miguu, haraka lakini bila kukimbia. Kisha Firmin alirudi kwenye nafasi yake. Pikipiki za mbele zikapita, kisha kundi zima likashuka kwa kishindo cha matairi, rangi tupu. Hakuona uso hata mmoja. Alipotazama upande wa mjini, gari la binti yake lilikuwa limeshatoweka.

Achiel alimkuta Jeannine akiwa macho. Alikaa naye siku mbili, na Jeannine akafa Jumanne asubuhi, kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha mumewe.

Baada ya mazishi Firmin alitegemea Griet atasema neno juu ya siku ile, naye akasema, ila si alichotegemea. Alisema pale barabarani baba yake alifanya sawasawa. Kisha akaongeza kwamba mlinzi wa kulipwa mwenye akili angefanya vilevile, na kampuni yake ingelazimika kumpa namba ya simu inayopokelewa. Firmin alilala na maneno hayo. Siku zote alidhani kwamba asiyelipwa hana cha kudai. Sasa aliona kwamba alikuwa ameichanganya hisani na unyonge.

Mwezi Mei kampuni iliwaandalia waliojitolea chipsi na bia. Msimamizi alipomaliza kushukuru, Firmin alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaeleza yaliyotokea, akasema kwamba bila simu yenye mtu upande wa pili, na bila utaratibu wa wagonjwa, mwakani wamtafute mwingine. Hakupaza sauti. Wenzake watatu walisema hata wao. Msimamizi aliandika kitu kwenye karatasi, na Oktoba ikaja barua yenye namba mbili na ramani ya vivuko vya dharura. Malipo hayakutajwa. Griet aliisoma, akasema ni robo ya haki, ila robo si sifuri.

Firmin alikuwa jikoni akitia sahihi fomu yake ya kujitolea mwakani wakati Achiel alipoingia, amekonda, ameleta kapu la viazi. Aliitazama ile fomu, akauliza kama ile njiapanda nyingine, ya kinuni, imeshapata mlinzi.

"Ba'mdogo, hulipwi hata senti," Griet alimwambia. "Na baridi ile unaijua."

"Naijua." Achiel alivua kofia, akaiweka gotini. "Lakini Jumapili imekuwa ndefu, Griet. Hujui ilivyo ndefu."

Griet alimtazama baba yake, ambaye alikuwa ameinamia karatasi na haandiki kitu. Kisha akavuta droo, akatafuta kalamu nyingine.