Gari la Kumpeleka Mzee Lemomo Terrat

Mwalimu Lerionka alilileta lile gari Jumamosi asubuhi ili wazee walione kabla hajalipia. Lilikuwa jeusi, la chini, linang'aa kama kiatu kipya, na katika barabara nzima ya Sambasha halikuwapo jingine la namna ile. Hilo ndilo lililompendeza.

"Yeyo, njoo utazame," alimwita mama yake. "Hili hulikuti kwa kila mtu."

Nosim alifuta mikono kwenye kanga, akalizunguka taratibu kama anavyomzunguka ng'ombe wa kununua. Alikuwa anatazama mlango wa nyuma na kumfikiria mume wake.

Mzee Lemomo hakuwa ametoka nje ya boma tangu kiharusi kimlegeze upande wa kushoto, mwaka mmoja na nusu sasa. Dada yake mkubwa, Namnyaki, ndiye ndugu pekee aliyembakia. Anaishi Terrat, upande wa pili wa jiji, naye magoti yamemgomea. Kila Jumapili walisalimiana kwa simu, mmoja hasikii vizuri na mwingine anapiga kelele, mpaka salio linakwisha hawajamaliza kuulizana habari za mifugo. Gari lilikuwa linanunuliwa kwa ajili hiyo: Lemomo amwone dada yake wote wawili wangali hai.

"Haya, baba, tujaribu," Lerionka alisema.

Walimshika, mama huku, mwana huku. Kichwa kikagonga juu. Wakamrudisha, wakamgeuza, wakaanza na mguu. Mguu mgonjwa ukakataa kukunjika. Kiti nacho kilikuwa chini mno, ilikuwa kama kumkalisha mtu ndani ya karai. Mwishowe Lemomo akacheka kidogo.

"Niacheni tu," alisema. "Namnyaki sura yangu anaijua."

Nosim alikuwa ameishi naye miaka hamsini na miwili. Kicheko kile alikijua: ni cha mtu anayejitoa ili asiwasumbue wenzake. Alimrudisha kivulini, akamfunika shuka mabegani, kisha akamfuata mwanawe.

"Kwa nini si Noah?"

"Noah tena! Yeyo, kutoka hapa mpaka Ngaramtoni kila geti lina Noah. Nikiegesha kanisani sitaijua yangu."

"Utaijua. Itakuwa ile yenye matope ya wiki mbili."

Lerionka alicheka kwa kulazimika. "Ni gari la kubebea viazi na majeneza. Nimepewa mpaka Jumatano niamue. Nitatafuta namna ya kumwingiza baba."

Jumatatu Nosim aliomba lifti kwa jirani yao Magreth, anayepeleka maziwa Ngaramtoni kila asubuhi kwa Noah yake iliyokwisha kupauka. Mlango ulirudi nyuma kwa kuteleza. Magreth alishuka, akaweka kigoda chini ili Nosim akanyagie. Kigoda kile hukaa garini siku zote, na Magreth hajawahi kumwambia mtu kwamba amekiweka kwa ajili ya akina mama wazee.

"Mwanangu, na wewe ulichagua Noah kwa sababu gani?"

Magreth alifikiri kona mbili nzima. "Kusema kweli, mama, kwa sababu jirani yangu alikuwa nayo. Wiki ya kwanza niliacha taa zinawaka kutwa, betri ikaisha. Watu watatu walisimama kunisaidia, na wote watatu walijua pa kushika. Nikasema, hapa nimefika nyumbani."

Nosim aliitikia kwa kichwa. Ng'ombe wa maziwa chotara nao waliingia hivyo hivyo katika mteremko ule wa Sambasha. Alianza mtu mmoja, mwingine akaja kumuuliza wanakula nini, wa tatu akamuuliza wa pili. Hakuna aliyetaka ng'ombe ambaye akiugua hakuna jirani wa kumwita.

Walipomaliza maziwa, Magreth alipitia gereji ya Frederick kubadilisha oili. Fundi alimwamkia Nosim, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Kaa hapo, mama. Hicho ndicho kiti cha mkurugenzi."

Kilikuwa kiti kinene, kina pa kuegemeza mikono, na chini yake mikono ya chuma na nyaya zilizokatwa.

"Kiti gani hiki, baba?"

"Kilitoka kwenye Noah. Baadhi huja navyo kutoka Japani. Sisi tunaving'oa, tunaweka cha watu watatu. Kina mota, kinageuka, kinatoka nje chenyewe na kushuka mpaka chini. Sijui wenzetu wale walitaka nini. Labda kuvua viatu."

Nosim alikipapasa. "Walitaka kumtoa mtu kama mzee wangu," alisema polepole. "Mtu asiyeweza kukunja mguu."

Frederick alizima redio. Alikitazama kile kiti alichokalia miaka miwili akinywa chai.

"Nimeving'oa vitano," alisema. "Vinne nimeuza chuma chakavu."

"Si kosa lako, hukuambiwa. Hiki kitaingia kwenye Noah nyingine?"

"Ikiwa ya toleo hili, kama ya Magreth, matundu ni yale yale."

"Na tutaipata wapi ya toleo hili?"

Magreth aliangua kicheko. "Mama, simama hapo barabarani uchague."

Jioni ile Lerionka alikuja gereji kwa sababu mama yake alimwita, uso umekunjamana. Frederick alikuwa ameunga nyaya kwenye betri. Alimkalisha Lerionka, akabonyeza kitufe. Kiti kikanguruma kidogo, kikamshusha mwalimu mzima mpaka nyayo zake zikagusa ardhi. Lerionka akabonyeza mwenyewe, kikampandisha tena.

"Rangi nitachagua mimi," alisema.

Lile jeusi lilirudishwa, ikanunuliwa Noah ya toleo lile, na kazi ya nyaya ikachukua siku mbili. Noah ilipokuwa tayari, Nosim aliona kwamba kitambaa cha kiti kimefuliwa na mahali palipochanika pameshonwa vizuri, na kwamba fundi sasa anakalia kreti ya soda. Alimshukuru kwa yote mawili, Frederick akajifanya anatafuta spana.

Jumapili walishuka kwenda Terrat. Lemomo alitaka dirisha wazi, na kila penye mtu amjuaye alitaka wasimame, hata ibada ya Terrat ikawa imekwisha walipofika.

Namnyaki alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Mlango ukafunguka, kiti kikageuka, kikaanza kushuka na mzee juu yake.

"Wewe," dada yake alisema, "siku hizi unashushwa?"

"Ndivyo tulivyo wenye magari."

Namnyaki alisogea akiegemea fimbo. Lerionka aliona shangazi yake anajaribu kuinama na magoti yanakataa, akaondoa kidole kwenye kitufe. Kiti kikasimama katikati ya hewa, miguu ya Lemomo ikining'inia. Mzee akainamisha kichwa kama mtoto wa Kimaasai anayeamkia wakubwa, na dada yake, bila kuinama hata kidogo, akamwekea mkono utosini.