Upepo wa Silinda Sita

Glasi ya chai ndiyo iliyomuumbua Kapteni Muhittin. Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili ya safari, na chombo chake, Karanfil, kilikuwa kimetoka kisiwa cha Orak kuelekea bandari ndogo ya Çökertme. Matanga yalikuwa juu, meupe kama yametoka kwa dobi, na abiria wanane walikuwa wakipigana picha chini yake. Kapteni mwenyewe alikuwa kwenye usukani, kofia kaiweka upande, akiwaeleza jinsi upepo wa ghuba ya Gökova unavyotaka mtu mwenye mkono mwepesi. Hapo ndipo mzee mmoja wa Istanbul, Bwana Tahsin, alipoiweka glasi yake mezani na kuiinamia. Chai ilikuwa inatetemeka. Mzee akavua kandambili, akabandika nyayo zake kwenye mbao za sitaha, akafumba macho.

"Kapteni," akasema, "huu upepo wako una silinda sita."

Abiria wakaangua kicheko. Bi Mualla, mkewe, akampiga kibao cha bega. "Tahsin! Mtu mzima ovyo!"

"Silinda sita," mzee akarudia, macho bado kayafumba. "Na ya nne inakohoa. Kaitazameni."

Tusimwonee Muhittin. Mchezo huo pwani nzima ile wanaucheza. Asubuhi bahari imelala, mgeni anataka picha ya matanga, basi unamtwekea matanga na huku chini mashine inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Picha ikishapigwa, matanga yanakunjwa, na ile boriti ndefu ya tanga kubwa inarudia kazi yake ya kila siku, yaani kuanikia taulo. Juu yake hutandazwa turubai la kivuli, na likishafungwa hilo, boriti haiwezi kusogea hata shubiri. Muhittin alikuwa ameendesha Karanfil namna hiyo kwa miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kuvua kandambili.

"Mimi nimekaa miaka thelathini na nne kwenye chumba cha mashine cha feri za Istanbul," Bwana Tahsin akasema. "Sikio hili la kushoto nimeliacha hukohuko. Nimekuja huku kwa jambo moja tu, nisikie chombo kikienda bila mashine kabla hili la kulia nalo halijanifia."

Muhittin akawa mwekundu mpaka shingoni. Mlangoni pa jiko alisimama binti yake, Nazan, na sinia la nyanya na jibini mkononi, akijiuma midomo asicheke.

Nazan alikuwa na miaka thelathini na mmoja na cheti cha ukapteni alichokipata miaka minne iliyopita, kimetundikwa jikoni juu ya vitunguu. Tanga alijifunza kwenye vimashua vya klabu ya mji wa Bodrum, kisha misimu mitatu ya baridi akawa anasaidia kupeleka mashua za watu mpaka Izmir. Kwenye Karanfil alikuwa mpishi. Magoti ya baba yake yalikuwa yameanza kugoma, na msimu ujao usukani ungekuwa wa Cemal, mpwa wa Muhittin, kijana wa boti za kasi za Marmaris ambaye chombo hiki alikiita "kabati". Jambo hilo lilimchoma Nazan kila alipokata kitunguu, na alikata vitunguu vingi.

Walipotia nanga Çökertme na kukaa kula, mzee wa Istanbul hakuwa ameliacha jambo la mashine.

"Dizeli haina nyongo," Muhittin alikuwa akijitetea, mkate mkononi. "Unaiwasha, inakwenda. Saa saba umesema utafika, saa saba umefika. Chai haimwagiki, mama wa watu hatapiki. Upepo je? Upepo ni kama mkwe. Ukimtaka haji, ukimchoka anahamia kwako na mizigo."

"Lakini ukija, baba, ni wa bure na haunuki," Nazan akasema, akiweka mbilingani mezani.

"Wewe kaa na mbilingani zako."

"Nipe usukani leo alasiri. Meltem, upepo wetu wa kiangazi, itaamka saa nane, nyuma ya ubavu wetu kabisa. Kutoka hapa mpaka Visiwa Saba ni maili kumi na mbili. Nakufikisha kwa tanga tupu."

Bekir, baharia wao wa siku zote, aliacha kutafuna. Meza nzima ikageuka kumtazama kapteni. Na Muhittin, aliyekwisha kuaibishwa na glasi ya chai mara moja siku hiyo, akafanya kosa la wanaume wa Bodrum wakiwa mbele za watu: akaapa.

"Haya! Wallahi, mbele ya wageni hawa. Ukinifikisha Visiwa Saba bila mashine, mpaka nanga iguse chini, usukani ni wako, msimu ujao na daima. Nitampigia Cemal mwenyewe. Lakini ufunguo ukiingia tu kwenye tundu lake, hata kwa kupepesa jicho, umeshindwa, na sitaki kuusikia tena wimbo huo maisha yangu yote."

"Nimekubali."

"Na turubai utalitoa mwenyewe. Wageni wakiungua na jua, watakulaani wewe."

"Lipotelee mbali turubai!" akasema Bi Mualla, na akawa wa kwanza kusimama kufungua kamba.

Ikawa sherehe. Turubai likakunjwa, magodoro yakasogezwa, taulo kumi na tano zikaanuliwa kutoka kwenye boriti. Muhittin akauchomoa ufunguo, akautia kamba, akauvaa shingoni, kisha akakaa kwenye benchi na mikono kaikunja. Saa nane na robo meltem ikaja kama ilivyoahidiwa, ikiyakunja maji kuwa meusi kutoka magharibi. Nazan akashika usukani. 

"Bekir, tweka kubwa!"

Tanga likapanda likipigapiga kwa fujo, likajaa, likanyamaza. Karanfil ikainamisha ubavu wa kushoto, ikakaa, ikaanza kukimbia.

 Mwanzoni walichosikia ni maji tu, yakichanika pale omo na kukutana tena nyuma, na mbao zikijinyoosha mahali ambapo kwa miaka hazikupata nafasi. Bwana Tahsin alikuwa amelala kifudifudi juu ya sitaha, sikio lake zima limegusa mbao. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Bi Mualla alidhani anaumwa, akamwinamia, kumbe mzee analia kwa furaha na hataki kusumbuliwa.

"Kasi ni mafundo nane!" Nazan akapiga kelele. "Nane na nusu!"

Muhittin akafungua mikono yake. Akatazama tanga. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Kamba ya mbele imelegea," akasema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake.

"Basi ikaze, baba."

Akaikaza. Tanga la mbele likashika, na kila mtu akausikia mruko wa chombo kwenye nyayo zake. Usoni mwa Muhittin kikapita kitu ambacho Nazan hakuwahi kukiona tangu azaliwe. Mara ya mwisho Muhittin alipokaza kamba kama ile huku upepo ukiifanya kazi kweli alikuwa na miaka kumi na mitano, pamoja na baba yake, wakirudi na sponji walizozamia baharini, kabla mzee huyo hajanunua mashine yake ya kwanza. Mambo hayo alikuwa hayasimulii. Sasa kofia ilikuwa imeruka baharini na hata hakuiangalia.

Katikati ya ghuba wakamkuta Rüstem, hasimu wa Muhittin kwenye meza za mkahawa, na chombo chake kikubwa kikipiga dizeli na kutema moshi. Redio ikakoroma.

"Muhittin! Mashine imekufa nini? Nikurushie kamba nikuvute?"

Muhittin akaidaka redio. "Nivute ukinifikia, bibi yangu wewe! Nazan! Usimwachie huyo! Usimwachie!"

"Mafundo tisa na robo, baba!"

"Mpite upande wa upepo, umzibe pumzi!"

"Yeye ana dizeli, hana pumzi ya kuzibwa!"

"Mpite tu!"

Wakampita. Wakampita kwa mita thelathini, ubavu kwa ubavu, abiria wakipiga makofi, Bekir akipiga sufuria kwa mwiko, na Muhittin, mtu mzima wa magoti mabovu, akiwa juu ya paa la chumba anamwonyesha Rüstem mgongo na kuupigapiga kwa kiganja. Nazan alicheka mpaka machozi yakampofusha. Hakuwahi kufurahi hivyo. Kwa mara ya kwanza aliuona msimu ujao waziwazi, na yeye yumo ndani yake, amesimama palepale aliposimama.

Visiwa Saba vikaja upesi kuliko alivyopiga hesabu. Mpango wake ulikuwa rahisi: kuzunguka kisiwa cha mwisho, kupenya kati yake na mwamba uliozama, kugeuza omo kwenye upepo nyuma ya kilima na kutua matanga hapo huku chombo kikijisukuma chenyewe mpaka mahali pa nanga. Upenyo ulikuwa na upana wa mita hamsini. Alikuwa ameupita mara mia, akiosha vyombo.

"Baba yangu aliuingia huu kwa tanga!" Muhittin akapaza sauti kutoka omo. "Kama ndege! Usipunguze kitu!"

Zilibaki mita mia tatu. Nazan akaona kitu cha njano kwenye maji ya upenyo, kisha kingine cheupe pembeni yake. Kofia za kuogelea. Watu wanne, wazee wa chombo fulani kilichotia nanga ndani, wanaogelea polepole wakizungumza, migongo imeelekea kwao. Wakati huohuo upepo ukateremka kutoka kilimani kwa pigo moja na Karanfil ikalala ubavu, usukani ukawa mzito mikononi mwake.

Akapiga hesabu. Pengine angewakwepa kwa kulia, kama upepo usingepiga tena. Pengine.

"Baba! Ufunguo!"

Muhittin akageuka, nywele zimesimama. "Nini?"

"Lete ufunguo! Kuna watu majini!"

"Tunapita! Kuna nafasi kulia! Mwanangu, mita mia tatu, umefika, umeshafika! Usiniharibie!"

Na hicho kilikuwa kichekesho, ingawa hakuna aliyecheka. Mtu aliyeisifu dizeli wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameufumbata ufunguo kifuani kama mtoto aliyefumbata pipi, na binti aliyekuwa akiomba tanga kwa miaka minne ndiye aliyekuwa akiililia mashine. Nazan alijua anachokiomba. Alikijua vizuri kuliko mtu yeyote mle chomboni.

"Nani anaendesha chombo hiki?" akauliza. Hakupiga kelele, lakini sauti yake ilifika mpaka omo. "Ni mimi au si mimi? Ufunguo, sasa hivi."

Muhittin akatazama upenyo. Safari hii aliiona kofia ya njano. Akaikata kamba ya shingoni kwa mkono mmoja, akamtupia Bekir, Bekir akamtupia Nazan. Ufunguo ukaingia kwenye tundu lake. Mashine ikakohoa, ile ya nne ikakohoa zaidi, ikawaka. Nazan akazungusha usukani wote kulia, omo ikauma upepo, matanga yakapigapiga kwa kelele za kutisha.

"Tua yote!"

Bekir na kapteni wakayashusha kwa pupa, vitambaa vikiwaangukia vichwani. Karanfil ikasimama, ikatulia, kisha ikageuka na kuingia upenyoni polepole, mbali na wale waogeleaji kwa mita ishirini nzuri. Bibi mwenye kofia ya njano akageuka, akawapungia mkono, akaendelea na hadithi yake.

 Nyuma yao Rüstem naye alikuwa anaingia, na redio ikakoroma tena: "Naona marehemu kafufuka, Muhittin!"  Bwana Tahsin alikuwa ameketi, kandambili mkononi, anamtazama Nazan kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomaliza nguvu za binti wa watu. 

"Nimeiwasha mimi," Nazan akamwambia baba yake alipofika karibu. "Uliapa mbele za watu na mimi nilikubali mbele za watu. Mpigie Cemal. Shika chombo chako tutie nanga."

Akaachia usukani na kurudi hatua moja nyuma.

Muhittin akausogelea, akaweka mkono juu yake. Alikuwa bado anahema. Akatazama nyuma, kule upenyoni, ambako zile kofia nne zilikuwa zikielea, na akazitazama kwa muda mrefu. 

Kisha akauondoa mkono. Akapita kando ya binti yake bila kumwangalia, akashuka ngazi ile ndogo huku magoti yakimlalamikia, akaenda mpaka mbele kabisa penye mnyororo wa nanga. Kazi hiyo ni ya baharia. Tangu chombo kile kinunuliwe, hakuna aliyemwona akiigusa. Bekir aliyekuwa ameinama hapo akataka kumzuia, kapteni akamsukuma kando kwa kiwiko, akalegeza breki, akashika mpini kwa mikono miwili.

Chombo kikaanza kuserereka pembeni kwa upepo, usukani hauna mtu. Nazan akaudaka.

Muhittin akageuza kichwa. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa asubuhi.

"Niteremshe mita ngapi, kapteni?" akapaza sauti, ili hata Rüstem asikie.

Nazan akaunyoosha usukani kwanza.

"Arobaini, baba."